Mwanamme Akinywa Kahawa ni Utamaduni, Mwanamke Akinywa Chai ni Mapepe?



Leo nina jambo moyoni na nitalisema kama lilivyo. Najua wapo watakaonuna, hasa watu wazima wetu na baadhi ya waume zetu. Wanisamehe, lakini wanisome mpaka mwisho.

Wanaonijua wanajua kazi yangu ni cherehani. Nashona magauni ya harusi na mabaibui hapa Unguja, na kila baada ya miezi miwili mitatu napanda boti kwenda Dar es Salaam kununua lesi, satini, neti na shanga. Mara nyingi siendi peke yangu. Bi harusi wa siku hizi anataka ashike kitambaa chake kwa mkono wake kabla hakijalipiwa. Bi harusi haendi bila mama yake, na mama haendi bila shangazi wa kusaidia kubeba. Basi tunaondoka Malindi watu wanne, watano, na mimi ndiye kiongozi wa safari kwa sababu ndiye ninayeujua mji.

Safari moja nilikuwa na bi harusi, mama yake na mdogo wake. Yule mama ana kisukari. Alfajiri alimeza dawa yake na nusu kikombe cha chai, akasema tumbo halipokei kitu mapema vile, atakula mbele ya safari. Tulipoteremka botini hatukupoteza wakati, moja kwa moja Kariakoo. Tukaanza Mtaa wa Uhuru, duka moja hadi jengine, lesi hii nyepesi, ile bei, ile rangi imekuwa ya maziwa na bi harusi anataka nyeupe ya theluji.

Saa nne hivi bi harusi akaniambia, "Dada, tutafute pahala tule, mama hajala."

Nikamjibu, "Wapi mwanangu? Mikahawa yote imejaa wanaume. Tuvumilie, tutakula kwenye boti tukirudi."

Na mama mwenyewe akaniunga mkono. "Mie sikai mkahawani na umri huu. Watu wakiniona watasemaje?"

Watu gani, jamani? Kwa sensa ya mwaka 2022 Dar es Salaam ina watu zaidi ya milioni 5, na Zanzibar yetu nzima, Unguja na Pemba, haijafika milioni 2. Katika mafuriko yale ya watu wa Kariakoo nani angemjua mama wa watu kutoka Unguja? Lakini ile hofu tulikuwa tumevuka nayo bahari, imo mkobani pamoja na pesa za lesi.

Saa saba mchana yule mama alikaa juu ya robota la kitambaa ndani ya duka, nikadhani amechoka miguu. Kumtazama vizuri, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka, anataja jina la mtoto wake mwengine ambaye hata hatukuja naye. Bi harusi akaanza kulia. Mimi nilisimama na mita nne za lesi mkononi, akili imeganda.

Aliyetuokoa ni kijana wa duka. Alikimbia nyuma ya jengo na dakika haikupita akarudi na mzee mmoja ameshika kikombe cha chai yenye sukari nyingi. Tulimnywesha kidogo kidogo, alhamdulillah alikuwa bado anaweza kumeza. Baada ya muda macho yake yakarudi. Tukamshika mikono tukampeleka kule ilikotoka chai, apate na kitu cha kula.

Dada zangu, ilikuwa hatua kumi tu kutoka pale dukani. Mbele ni meza mbili na wanaume wanakunywa chai, ndivyo nilivyokuwa nikiuona kila safari na kuupita. Lakini ndani, baada ya pazia la maua, palikuwa na chumba cha meza tatu. Wasichana wawili wanaouza vitambaa walikuwa wanakula chapati na maharage. Bibi mmoja alikuwa amemaliza kuswali, anakunja mkeka. Kuna bomba, kuna sabuni, kuna choo kinachofungika. Jikoni ni mke wa yule mzee.

Mzee akasema kwa upole, "Mama mkubwa, chai hii iko hapa tangu alfajiri. Mbona hamkuingia?"

Sikuwa na jibu. Miaka yote niliyokwenda Kariakoo nimeupita mlango ule, na siku ile ningeweza kurudi Unguja na maiti kwa sababu nilimwonea haya mtu nisiyemjua. Yule mama alikuwa amana yangu. Hilo silisahau, na ndiyo sababu ninaandika.

Haya hii tumeipata wapi?

Tupite pamoja Mji Mkongwe. Pale Jaws Corner, asubuhi na jioni, wanaume wamekaa. Wanakunywa kahawa chungu kwa kashata, wanacheza dhumna, wanapanga na kupangua serikali. Nenda mtaa wowote wa Ng'ambo, nenda shamba, baraza haikosi watu. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuwapiga picha, na sisi tunajisifu kwamba huu ni utamaduni wetu. Sawa, na mimi napenda baraza. Baba yangu alikaa barazani maisha yake yote.

Lakini mwanamke aliyesimama tangu alfajiri, mwenye mizigo mikono miwili, akiingia kunywa chai dakika ishirini, anaitwa mapepe. Anaulizwa nyumbani hakuna jiko? Kwani huyo wa barazani nyumbani kwake hakuna jiko? Na vile vitumbua anavyokula na kahawa yake vimepikwa na nani kama si mwanamke aliyeamka saa tisa usiku?

Msinambie ni kula mbele za watu. Forodhani usiku sote tunakwenda. Tunakula mishikaki, urojo na pweza tumesimama katikati ya umma, wanaume wamejaa, na hakuna anayesema neno kwa sababu tumetoka kustarehe na familia. Mwanamke akila kwa starehe ya usiku ni sawa, akila kwa sababu ana njaa kazini ni aibu. Anielezee mwenye akili, mimi imenishinda.

Wapo watakaoniletea dini. Karibuni, tuzungumze dini. Katika Suratun Nur amri ya kuinamisha macho wameanza kupewa wanaume, aya ya 30, kisha tukapewa sisi, aya ya 31. Na katika Bukhari na Muslim imo hadithi ya Mtume (s.a.w.) akiwaonya maswahaba wasikae njiani. Waliposema hawana budi kukaa, aliwataka waipe njia haki yake: wainamishe macho, wasiudhi watu, wajibu salamu, waamrishe mema na wakataze maovu. Basi mwenye kuniuliza kwa nini nimeingia mkahawani, na yeye ajiulize baraza yake imetoa haki hizo wakati mimi ninapita?

Na sisi wanawake tuliruhusiwa kutoka kwa haja zetu. Kisa cha mama yetu Bi Sawda (r.a.) kimo katika Bukhari, alipolalamikiwa kwa kutoka kisha Mtume (s.a.w.) akabainisha ruhusa hiyo. Njaa ni haja. Dawa isiyongoja ni haja. Choo ni haja. Mjamzito aliyepanda boti na kushuka na jua la saa sita ana haja. Qur'ani imetukataza kujitia wenyewe katika maangamizi, na mimi nilikaribia kumtia mwenzangu.

Sijasema tukae kutwa tunapiga soga na vicheko mpaka barabarani. Stara ni stara, popote. Sijasema kila mkahawa ni wa kuingia. Pana mahali pana moshi wa sigara, muziki wa kupasua masikio na macho ya kuvua nguo, hapo hata mtoto wa kiume nisingemtuma. Ninachosema ni kwamba mikahawa mizuri ya mtaa ipo, na tunaikosa kwa sababu hatujaitafuta.

Na nyinyi wa kikombe cha picha

Msidhani nimewasahau. Kuna kundi jengine la mabi harusi, hawa hawana haya ya mkahawa hata kidogo. Wao wakifika Dar wanataka Masaki. Lazima Masaki! Kiti cha kamba, ua la plastiki ukutani, kahawa iliyochorwa moyo juu yake. Nilipelekwa siku moja na bi harusi na marafiki zake. Kikombe kimoja shilingi 8,000, na kipande cha keki kilinizidi hata kukumbuka bei yake. Tulikuwa wanane. Nusu saa nzima hakuna aliyekunywa, watu wanapiga picha, kahawa inapoa.

Wallahi sina wivu, mwenye pesa zake ale anachotaka. Lakini huyu bi harusi alikuwa ameniomba nimpunguzie ushona kwa sababu bajeti imebana! Piga hesabu mwenyewe: vikombe 8 kwa 8,000 ni shilingi 64,000, bado keki, bado teksi ya kutoka Kariakoo mpaka huko na kurudi katika foleni. Na adhuhuri ilipoingia nikamuuliza mhudumu pa kuswali. Alinitazama kama niliyemuuliza pa kufungia ng'ombe. Niliswali nyuma ya gari, kwenye maegesho, na mtandio wangu ndio msala.

Hapo nikafahamu kitu. Yule mama aliyekataa mkahawa kwa kuogopa macho ya watu na huyu bi harusi anayeutafuta kwa ajili ya macho ya watu, ugonjwa wao ni mmoja. Wote wawili hawajauliza swali la msingi: mimi ninahitaji nini hapa? Ninahitaji kukaa, kula halali, kunawa, kuswali, kupumzisha moyo, kisha niendelee na safari yangu. Mahali panaponipa hivyo ndipo pazuri, hata kama kikombe ni cha bati.

Namna ninavyotafuta sasa

Tangu siku ile nimegeuka mtafutaji. Kila safari natenga saa moja ya kujua mlango mpya. Nawapa niliyojifunza, ili asiwepo mwengine wa kukaa juu ya robota kama yule mama.

Kwanza, usimuulize dereva wala mpiga debe. Muulize binti anayeuza duka. Yeye yupo mtaa ule siku sita kwa wiki, anajua wapi mwanamke anakula kwa amani na wapi choo ni kisafi. Mwambie tu, "Mdogo wangu, wewe unakula wapi?" Kama wanakula wasichana wa kazi wenye heshima zao, na wewe utakula.

Pili, usihukumu kwa meza za nje. Meza za mbele wanaume wamezitangulia, ni kawaida. Ingia hatua mbili, toa salamu, uliza kama kuna nafasi ndani. Mara nyingi ipo. Salamu ni ulinzi, ukiingia nayo watu wanajua umekuja kwa heshima na wanakupa heshima.

Tatu, tazama kabati la vioo. Kabati likiwa limejaa sambusa, kababu na katlesi saa moja asubuhi, kisha saa nne limebaki makombo, hapo chakula kinatoka kipya kila siku. Likiwa limejaa saa kumi jioni vile vile kama asubuhi, aga uondoke.

Nne, fuata harufu. Bekari ya mtaa haina haja ya tangazo. Ukipita alfajiri au baada ya alasiri pua itakuonyesha njia. Ukipata mahali mkate unatoka tanurini na pembeni kuna benchi na birika la chai ya maziwa yenye iliki, shukuru Mungu, umepata. Nunua na wa kupeleka nyumbani, ukifunga kwenye karatasi unafika Unguja bado laini.

Tano, uliza bila kuona haya: nyama ni halali? Jioni mnauza pombe? Nyumba inayouza bia usiku mimi sikai asubuhi. Huo ni uamuzi wangu, na mwenye mkahawa muungwana hakasiriki kuulizwa.

Sita, jua msikiti ulio karibu wenye sehemu ya wanawake, kisha utafute chai karibu yake. Ukiteremka botini huna haja ya kukimbilia Kariakoo na tumbo tupu. Mitaa ya nyuma ya Posta, kuanzia Jamhuri na Zanaki mpaka Indira Gandhi na Kisutu, ni mitaa ya zamani ya maduka na misikiti. Humo kuna kachori, bhajia, kababu na chai ambazo familia za pale zimekula vizazi na vizazi. Kula kwanza, ukishashiba vuka Mnazi Mmoja uingie Kariakoo ukiwa na nguvu ya kupatana bei. Mwenye njaa hupatana vibaya, hilo nawaambia kama mfanyabiashara. Muuza duka akiona umechoka hakupunguzii hata mia.

Saba, chagua saa. Saa sita mpaka saa nane mchana kila pahala pamefurika. Saa nne asubuhi pametulia, na baada ya alasiri pametulia tena.

Kwa njia hii chai ya maziwa na chapati mbili hazijanifikisha shilingi 3,000. Ninakaa, ninapumua, na mara nyingi naondoka na maarifa. Ndani ya vyumba vile nimejua duka linalouza neti kwa bei ya jumla, nimepata fundi wa kurekebisha cherehani, na mama mmoja wa Ilala amenifundisha kukata gauni la mjamzito. Wanaume wanajua siri hii siku nyingi: anayekaa na wenzake kwenye chai hupata habari za biashara. Sisi tunaikosa kwa sababu tunakula maandazi tukiwa tumesimama nyuma ya lori.

Maneno matatu ya mwisho

Kwenu wenye mikahawa. Meza moja ndani, pazia, bomba la maji, choo kinachofungika na mkeka. Hivyo vitano havikugharimu kama televisheni mnayoitundika kwa ajili ya mpira. Wanawake tunanunua, tunakuja na watoto, tunachukua na vya kupeleka nyumbani. Mkitupa nafasi mtatuona kila siku. Na wale wateja wenu wanaomtazama mwanamke mpaka anasahau alichokuja kuagiza, ni kazi yenu kuwaambia waangalie vikombe vyao.

Kwenu waume na kaka zetu. Mkimruhusu mke kusafiri kikazi, mmeruhusu na tumbo lake. Badala ya kumuuliza "ulikaa wapi?" kwa sauti ya hakimu, muulize "umekula?" Swali hilo moja lina mapenzi mengi kuliko mkufu.

Kwenu bi harusi wangu na mama zenu. Katika orodha ya safari ya vitambaa, kabla ya lesi na kabla ya viatu, andikeni chakula na dawa. Mimi sasa ni sharti langu. Asiyetaka kukaa kunywa chai saa nne, simchukui, atafute fundi mwengine. Wawili wameninunia. Heri wanune wazima.

Na kwa vile maneno bila vitendo ni deni, hapa dukani kwangu nimeweka viti vitatu nyuma ya pazia la kupimia, chupa ya chai na bakuli la visheti. Wateja wangu wengine wanatoka Makunduchi na Nungwi na dala dala ya alfajiri. Zamani walikuwa wakisimama mlangoni mpaka nimalize kupima. Sasa wanakaa. Wiki iliyopita alikuja bibi mmoja kuchukua baibui la mjukuu wake, akanywa vikombe viwili, akavua viatu, akanyoosha miguu. Akaniambia tangu asubuhi yuko mjini na hapa ndipo mara ya kwanza amekaa.

Yule mama wa kisukari, alhamdulillah, harusi ya binti yake alihudhuria, amependeza, ameshikilia kigae cha udi. Mwezi uliopita alinipigia simu. Ana safari ya Dar na wifi yake, akataka nimwelekeze tena ule mlango wenye pazia la maua.

Nimemwelekeza. Nikamwambia amsalimie mzee.